Jina la Mtu wa Kwenye Mashua

Alby, Stockholm
30 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimejifungua salama. Mtoto wa kiume, Jumapili tarehe 28, mchana kweupe, saa ambayo nyinyi huko mmetoka misa ya pili mnakunywa chai. Josiah alikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliapa hatalia, kisha akalia kumshinda mtoto, mpaka mkunga akampa kiti.

Najua dada Stellah alishakuwekea simu sikioni ukasikia kilio cha mjukuu wako. Lakini jina ni jambo la barua, hilo sijalisahau hata kwenye baridi hii. Sisi wote umetupa majina hivyo, na wajukuu wote: unaandikiwa tarehe, unafungua kalenda yako ya watakatifu, unatuandikia kwa mkono wako jina la mtakatifu wa siku hiyo. Ndiyo maana mimi ni Teopista na si Jane kama nilivyokuwa nakusumbua nikiwa darasa la tano.

Basi tarehe ndiyo hiyo. Ila, Baba, usilaze barua. Huku jina la mtoto linaandikishwa ofisi ya kodi, na mwisho ni miezi mitatu tangu kuzaliwa. Usicheke.

Ana masikio yako. Nimemwomba Mungu yaishie hapo hapo kukua.

Mwanao,
Teopista

*

Kashozi, Bukoba
17 Agosti 2024

Teo mwanangu,

Marahaba, marahaba mno.

Ofisi ya kodi! Mtoto hajashika hata kijiko, serikali imeshamwona. Niliwasomea wenzangu kigangoni baada ya ibada, Mzee Zephania akacheka mpaka meno yake ya bandia yakamtoka, ikabidi tuyatafute chini ya benchi.

Safari hii sikufungua kalenda. Tarehe hiyo naijua kwa moyo. Nilikaa kwanza uani kwenye kahawa iliyoanikwa, na Stellah aliponikuta natokwa na machozi nilimwambia ni vumbi la maganda. Hakuamini, na wewe usiamini. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mtoto anaitwa NAZARI. Tarehe 28 Julai ni siku ya Nazari na mwenzake Selsi, waliokatwa vichwa Milano kwa kuikiri imani. Nazari. Narudia, Nazari, ili ofisi ya kodi isije kusema mwandiko wangu haukusomeka.

Senene wakianguka nitamtumia wa kwake, ingawa hana meno. Atawaangalia tu.

Baba yako,
Ladislaus

*

Alby
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sasa nisikilize bila kukunja uso, maana nakuona kabisa unavyoukunja.

Nazari ni jina zuri. Lakini siku ile mkunga alipokuwa anamfuta mtoto aliitazama kalenda ya ukutani akaniambia, "Amezaliwa siku ya Botvid, na nyumbani kwake ni Botkyrka! Huyu kajua kuchagua." Kumbe Waswidi nao, kila siku kwenye kalenda yao ina jina lake, ingawa wengi hawakumbuki tena kwa nini. Na Botkyrka, wilaya yetu hii, maana yake ni kanisa la Botvid.

Huyo Botvid ninamwona kila siku tangu nije huku. Yuko kwenye nembo ya manispaa: mtu wa dhahabu, mkono mmoja shoka, mkono mwingine samaki. Yuko kwenye bahasha, yuko kwenye vibao. Mimi na Josiah tulidhani ni tangazo la bucha linalouza na samaki. Mwaka wetu wa kwanza Josiah aliizunguka Alby nzima akilitafuta hilo bucha, akarudi amekasirika kwamba wenyeji wanalificha.

Ni mtakatifu, Baba! Mfiadini. Miaka mia tisa iliyopita alikuwa mfanyabiashara, kijana wa hapa hapa. Akaenda Uingereza na bidhaa zake, akabatizwa huko, akarudi na dini mpya kwa watu waliokuwa bado na miungu yao. Wenye maji wakimnyima pa kuvulia, yeye anasali, samaki wanajaa, halafu anawagawia hao hao waliomnyima. Kisha akamnunua mtumwa, mateka kutoka ng'ambo ya bahari. Akamfundisha, akambatiza, akamwacha huru, akampandisha mashua amrudishe kwao. Njiani Botvid akalala. Yule mtu akachukua shoka, akamuua usingizini, akatoroka na mashua.

Nduguye alipotoka kumtafuta, ndege mweupe alitua mbele ya chombo akaimba, hakunyamaza mpaka walipoufikia mwili. Walipoulaza mwili, chemchemi ikabubujika. Wagonjwa wakaanza kuja kutoka mbali na kupona, na nduguye akajenga kanisa ambalo mahali pake bado pana kanisa, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Jumuiya yetu ya Waswahili ilitembea mpaka huko Jumapili iliyopita, Wakenya, Waganda, Wakongo na mimi Mhaya peke yangu na kigari cha mtoto. Lorraine, Mkongo wetu, alipiga goti akasema, "Voilà, kumbe na sisi tuko na mtakatifu wa mtaa!"

Sasa Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jina hatulichagui, tunalikuta kwenye kalenda. Kalenda ya huku inasema Botvid. Mimi huku, hata kwenye nyumba za wazee ninaowahudumia, huulizwa kila siku kwetu ni wapi. Sioni ubaya, lakini nachoka. Mwanangu nataka aitwe jina ambalo likiitwa dirishani bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya chini atajua ni mtoto wa hapa. Nataka asiulizwe.

Nibariki niandike Botvid. Bila baraka yako siandiki, unanijua.

Teo wako

*

Kashozi
27 Septemba 2024

Teopista,

Barua yako nimeisoma.

Nimefundisha katekisimu miaka arobaini. Mfiadini ni mtu aliyeambiwa ikane imani yako uishi, akakataa. Huyu wako alikuwa amelala. Lakini hilo nawaachia maaskofu, mimi ni katekista mstaafu.

Langu ni swali. Umeniandikia jina la aliyenunua. Umeniandikia nduguye, samaki wake, mpaka rangi ya ndege. Huyo aliyenunuliwa aliitwa nani? Kwao ni wapi? Alikuwa na mama? Mbona hajatajwa?

Mtoto ni Nazari.

Wasalimie wote.

Ladislaus

*

Alby
13 Oktoba 2024

Baba mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Kwetu Siaya hatuna salamu hiyo, lakini Teopista alinifundisha kabla hajakubali kuolewa, kwa hivyo naitumia kwa bidii.

Barua hii inaletwa na Boniface wa Märsta, yule kijana wenu wa uwanja wa ndege. Anakuja nyumbani likizo. Teopista hajui kama ninaandika. Tafadhali usinichome kwa kumwambia.

Baba, nyumba imenyamaza. Teopista huimba akipika, akioga, akitafuta funguo. Tangu barua yako ya mwisho haimbi. Swali lako limemkaa rohoni. Jana alienda kanisani kwa Botvid kuwauliza huyo mtumwa aliitwa nani. Walimtafutia kwa moyo mzuri kabisa, lakini jina lake halikuandikwa mahali popote. Mtu alikaa kwenye hadithi miaka mia tisa na hakuna aliyemuuliza jina. Teopista alirudi akakaa sebuleni bila kuvua koti. Jina hatujaandikisha, na tarehe ya ofisi ya kodi iko karibu sana.

Sasa nikwambie kitu. Kwetu Wajaluo, mtoto akilia bila sababu, wazee wanamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Lile atakalonyamazia, basi mwenyewe amekuja. Jana mama yake akiwa huko kanisani mtoto alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwita Botvid, akalia. Nikamwita Oduor, jina la babu yangu mzaa baba, akalia zaidi, hata nikaona aibu kwa niaba ya ukoo. Nikamwita Nazari. Akanyamaza kabisa, akanikodolea macho.

Sitaki kukudanganya, baada ya dakika chache niligundua alikuwa anachafua nepi. Lakini alinyamaza.

Baba, mtu hapiganii jina namna hii kwa sababu ya kalenda tu. Kwetu jina likipiganiwa hivyo, lina mwenyewe. Nazari ni nani?

Mkweo,
Josiah Oduor

*

Kashozi
19 Oktoba 2024

Josiah na Teopista, wanangu,

Boniface amekaa hapa anakula ndizi, akingoja nimalize ili aipige picha barua hii kwa simu yake. Najua nilisema majina hayaendi kwa simu. Leo yaende.

Josiah, umenishika. Na wewe Teo usimnunie mumeo, amefanya kazi ambayo ilikuwa yangu.

Nazari alikuwa babu yangu.

Alikamatwa akiwa mtoto mdogo, akatembezwa kambani na watu wasiojuana, na mapadre wakamkomboa upande wa Tabora. Padri akamuuliza jina lake. Hakujibu. Alikuwa ameuzwa kwa watu wengi, kila mmoja akimwita anavyotaka, mpaka lile la mama yake likampotea. Alichokumbuka cha nyumbani ni mto, na mbwa mwenye doa kwenye jicho moja. Basi padri akafungua kalenda. Ilikuwa tarehe 28 Julai.

Hapo ndipo kalenda ilipoingia kwenye ukoo wetu, Teo. Nyinyi mnadhani ni uchaji wangu. Babu hakuwa na jina la ukoo la kuwarithisha wanawe, wala shamba la baba, wala kaburi la kuonyesha. Alikuwa na kalenda. Akawapa.

Alifika huku Buhaya na mapadre, fundi wa matofali, akaoa hapa, akazaa, na mimi nilimkuta. Kila 28 Julai alivaa kanzu safi akakaa nje ya mlango, anacheka peke yake, anatuambia leo ndiyo nimezaliwa. Nilimuuliza siku moja kama aliwapenda wale mapadre waliomkomboa. Akasema aliwapenda sana. Nikamuuliza kama hakutaka wamrudishe kwao. Akaniambia, "Wapi?"

Ndiyo maana niliposoma habari za ile mashua, mimi nilijikuta nimekaa upande wa yule mwingine. Sisemi alifanya vema. Kumuua mtu aliyelala ni dhambi, na huyo Botvid naona alikuwa mtu mwema kwelikweli. Lakini fikiria, mtu ameshapandishwa vyombo vingapi, kila mara akiambiwa tulia, hakuna neno. Leo anaambiwa panda, unakwenda kwenu. Angejuaje kwamba safari hii ni kweli? Naamini alidhani anakwenda kuuzwa tena. Nimemlilia, Teo. Nimewalilia wote wawili.

Sikukwambia kwa sababu sikutaka umpe mtoto jina kwa kunihurumia. Nilitaka lije lenyewe, kwa haki ya tarehe, kama lilivyomjia babu. Nilipoisoma barua yako ya kwanza niliona amerudi. Sikujua kwamba kalenda ziko mbili.

Basi ya kwangu nimeifunga. Mama wa mtoto ni wewe. Andika utakaloona, na baraka unayo tangu sasa, liwe lolote. Uanze kuimba, nyumba isikae kimya.

Baba yenu,
Ladislaus

*

Alby
3 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilisoma ile picha nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Josiah nilimnunia nusu siku kwa kukuandikia kwa siri, kisha nikampikia ndizi na nyama, na sasa anajiona yeye ndiye mshenga wa jambo zima. Anawaeleza hata wenzake wa ghalani Jordbro. Mwache.

Tumeandikisha. Jina lilipita siku hiyo hiyo, hakuna aliyeuliza swali. Mjukuu wako ni Nazari Botvid Oduor.

Najua utasema nini. Nimewapandisha mashua moja tena. Nami niliogopa kidogo, ndiyo maana jana tulikwenda kanisani kwa Botvid kuwaombea. Huku wikendi ya Watakatifu Wote watu huwasha mishumaa makaburini, na giza linaingia saa kumi alasiri, kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unawaka. Tulikuwa jumuiya yote. Mzee Erukana, Mganda wetu, alitangulia na rozari, Lorraine akabeba mtoto, mimi mishumaa. Nikawasha mmoja wa Botvid na mmoja wa yule aliyekuwa naye.

Mzee mmoja wa Kiswidi alikuwa karibu yetu anawasha wa mkewe. Akaniuliza ule wa pili ni wa nani. Nikamwambia, wa mtu aliyekuwa kwenye mashua na Botvid, jina lake halijulikani. Kisha akatoa mshumaa mwingine kwenye mfuko wake, akauwasha, akauweka pembeni ya huo, akainamisha kichwa na kwenda zake. Lorraine akasema, "Mon Dieu, huyu wa mashua naye sasa ataanza kupata sikukuu." Na kweli, tumekubaliana. Kila mwaka siku ya Botvid tutatembea kutoka Alby na mishumaa miwili.

Baba, niliimba njia nzima kurudi. Josiah anasema niliimba vibaya. Ni wivu.

Unakumbuka nilikwambia nataka jina litakalomzuia mwanangu asiulizwe kwao ni wapi? Nimebadili mawazo. Acha waulize. Nataka awe na la kuwajibu, na jibu lake liwe refu mpaka wajute.

Sasa la mwisho, kaa chini. Tunakuja Krismasi. Nataka abatizwe Kashozi, na nataka barua yake ya jina uiandike upya, yeye mwenyewe ukimwandikia, maana zile za kwanza tuliandikiana sisi tukisahau mwenye jina. Ndege ya kwenda Bukoba ipo, najua, na Josiah amenikumbusha mara nyingi, anaogopa kutapika ziwani. Lakini kutoka Mwanza tutapanda meli. Hawa wawili nataka wafike kwa maji.

Usitume mtu bandarini. Njoo mwenyewe.

Teo wako

*

Gatini Bukoba
Jumamosi, 21 Desemba 2024

Kwa Nazari Botvid,

Mjukuu wangu, barua hii haina stempu. Nimeiandika nimekaa juu ya gunia la mtu, meli yenu naiona inakuja, na nitakukabidhi mwenyewe mkononi. Ukitaka kuila, ile. Nitaandika nyingine.

Nimevaa kanzu safi. Mzee Zephania amekuja na meno yake, shangazi yako Stellah amekuja na kwaya nzima ya kigango, na wameanza kuimba kabla hata meli haijafunga kamba. Mama yako utamtambua, ndiye atakayewajibu kutoka juu kwa sauti isiyofuata noti. Baba yako atakuwa na rangi ya kijani kidogo usoni. Usimcheke.

Mimi Ladislaus, katekista, nakupa jina Nazari, la babu yangu, aliyeulizwa kwao akasema "Wapi?" Nami nakupa jina Botvid, la mtu wa kwenu Alby, aliyekuwa anampeleka mwenzake nyumbani na hakufika. Umezaliwa siku yao. Wabebe wote, si wazito, wameshapungua sana kwa safari.

Wameshusha ngazi. Watu wanashuka. Nimemwona mama yako, na kwenye mgongo wake nimeyaona masikio yangu.

Nazari amefika. Botvid amefika.

Karibuni nyumbani.

Babu